Mali bila daftari: Jinsi ya kuweka hesabu za duka la mtandaoni katika miji ya Mlima Kenya

WAHENGA walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ingawa usemi huo ulitungwa zama za maduka ya rafu na mizani, unawahusu moja kwa moja wafanyabiashara wa Nyeri, Karatina, Nanyuki, Kerugoya, Embu na Meru ambao wamefungua maduka katika intaneti ili kuwauzia watu wasioonana nao kahawa iliyokaangwa, mchele wa pishori kutoka Mwea, asali, makadamia, sweta za sufu na bidhaa nyinginezo za maeneo ya Mlima Kenya.

Muuzaji katika soko la Karatina humwona mteja akikaribia, akigusa bidhaa, akiuliza bei na kwenda zake. Kutokana na hayo hutambua iwapo bei iko juu mno au bidhaa imewekwa mahali isipoonekana. Mwenye duka la mtandaoni hana macho hayo. Kinachoyashika mahali pake ni uchanganuzi wa tovuti, yaani utaratibu wa kunakili idadi ya watu wanaozuru duka, walikotoka, kurasa walizofungua, bidhaa walizotia kikapuni na hatua ambayo waliishia kabla ya kulipa.

Programu za kufanya kazi hiyo zipo, na baadhi hazilipishwi. Tatizo ni kwamba nyingi ziliundwa zikilenga nchi ambako ununuzi huanza na kukamilika ndani ya tovuti, kwa kadi ya benki. Katika miji ya Mlima Kenya, sehemu kubwa ya mauzo hukamilika nje ya tovuti: kwenye M-Pesa, katika mazungumzo ya WhatsApp, au mkononi pindi kifurushi kinapopokewa katika kituo cha matatu. Mfanyabiashara anayeweka programu hizo bila kuzirekebisha atapata daftari, naam, lakini litakuwa daftari lenye kurasa zilizochanika.

ASILI YA HESABU HIZI

Katika miaka ya 1990, hesabu za tovuti zilitokana na kumbukumbu ambazo seva hujiandikia kila ukurasa unapoombwa. Kurasa nyingi za enzi hiyo zilibandikwa pia kihesabio kidogo upande wa chini, kilichoonyesha idadi ya mara ambazo ukurasa ulifunguliwa. Hesabu hizo hazikueleza iwapo mtu alinunua chochote.

Mambo yalibadilika mwaka wa 2005 wakati kampuni ya Google ilinunua kampuni ya Urchin ya Marekani, na mnamo Novemba mwaka uo huo ikazindua Google Analytics, ambayo ilitolewa bila malipo. Mwaka wa 2007 ilianzishwa programu huria ya Piwik, ambayo mwaka wa 2018 ilibadilishwa jina ikawa Matomo. Tofauti kuu ni kwamba Matomo inaweza kuwekwa katika seva ya mwenye duka mwenyewe, hivyo kumbukumbu za wateja zikabaki mikononi mwake.

Nchini Kenya, M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007. Nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka wa 2009, na kupunguza utegemezi wa satelaiti katika mawasiliano ya intaneti. Huduma ya Lipa na M-Pesa ilianza mwaka wa 2013, nao mwaka wa 2017 Safaricom ikafungua jukwaa la Daraja, ambalo huwezesha tovuti za wafanyabiashara kuunganishwa na M-Pesa. Ni muungano huo uliowezesha duka la Nyeri kupokea oda na malipo bila mwenyewe kuwa kwenye kaunta.

Mwenye duka la zamani anafaa kutambua jambo moja. Toleo la awali la Google Analytics liliacha kupokea hesabu mpya za tovuti za kawaida mnamo Julai 1, 2023, na nafasi yake ikachukuliwa na Google Analytics 4. Duka ambalo msimbo wake bado unaanza kwa herufi UA halihesabu chochote. Msimbo wa sasa huanza kwa herufi G.

AKAUNTI NI YA NANI?

Hatua ya kwanza si ya kiufundi bali ni ya umiliki. Aghalabu, mwenye biashara humwajiri kijana aliyehitimu kutoka chuo kikuu au chuo anuwai amtengenezee tovuti, naye kijana hufungua akaunti ya hesabu kwa barua pepe yake mwenyewe. Siku wanapoachana, mwenye duka hubaki na rafu huku daftari likiondoka na fundi. Hesabu za miaka mingi zinaweza kupotea kwa njia hiyo.

Kwa hivyo, akaunti ifunguliwe kwa barua pepe ya biashara, na mwenye duka awe ndiye msimamizi mkuu. Fundi aongezwe kama mtumiaji mwenye ruhusa ya kuhariri, ruhusa inayoweza kuondolewa kazi ikiisha.

Baada ya hapo, programu hutoa msimbo mfupi ambao huwekwa katika sehemu ya juu ya kila ukurasa wa tovuti. Maduka yaliyojengwa kwa Shopify au WooCommerce yana njia za kuuunganisha bila kugusa kurasa moja moja. Msimbo usiwekwe mara mbili, kwa sababu kila ziara itahesabiwa mara mbili na duka litaonekana kuwa na wateja lisiokuwa nao. Njia rahisi ya kuthibitisha ni kufungua tovuti kwa simu, kisha kutazama ripoti ya papo hapo ili kuona iwapo ziara hiyo imenakiliwa mara moja tu.

SAA NA SARAFU

Kuna vipengele viwili ambavyo wengi huvipita bila kuvitazama, navyo huharibu hesabu zote zinazofuata. Cha kwanza ni saa. Iwapo akaunti imeachwa katika saa za Los Angeles badala ya Nairobi, itakuwa nyuma ya saa za Kenya kwa saa 10 au 11 kutegemea msimu. Oda iliyotolewa Nyeri Jumamosi saa tatu asubuhi itaandikwa kuwa ya Ijumaa usiku. Mwenye duka anayetaka kujua siku ya kuongeza mfanyakazi wa kufunga vifurushi atapotoshwa kabisa.

Cha pili ni sarafu. Akaunti inafaa kuwekwa katika shilingi ya Kenya, na kila oda inayonakiliwa itaje sarafu hiyo. La sivyo, mfuko wa kahawa wa Sh1,000 unaweza kuonekana katika ripoti kuwa umeuzwa kwa dola 1,000. Marekebisho ya saa hayarekebishi siku zilizopita, ndiyo maana yanapaswa kufanywa kabla ya mteja wa kwanza kuingia.

Aidha, Google Analytics 4 huhifadhi kumbukumbu za kina za wazuru kwa miezi miwili isipoelekezwa vinginevyo. Muda huo unaweza kuongezwa hadi miezi 14 bila malipo. Kwa biashara inayotegemea misimu, kama vile ya kahawa au ya kuwauzia watalii wa Nanyuki, miezi miwili haitoshi kulinganisha Desemba moja na nyingine.

MATUKIO YA KUNAKILIWA

Idadi ya wazuru peke yake haina maana kubwa. Duka linaweza kuzuriwa na watu elfu moja wasionunue hata kijiko. Kinachofaa kufuatwa ni safari ya mteja, na safari hiyo ina matukio matano: kutazama bidhaa, kuitia kikapuni, kuanza kulipa, kukamilisha ununuzi, na kwa maduka ya humu nchini, kubofya kitufe cha WhatsApp au cha kupiga simu.

Manne ya kwanza yanatambuliwa na programu nyingi za maduka. La tano halina budi kuongezwa, kwa kuwa kwa mnunuzi wa Kenya kubofya WhatsApp si dalili ya kuondoka dukani bali mara nyingi ndio mwanzo wa kukubaliana bei na mahali pa kupelekewa mzigo. Asiyelinakili atadhani wateja wake wanakimbia, kumbe wamehamia chumba cha pili.

Mpangilio wa matukio hayo humwonyesha mwenye duka mahali penye tundu. Iwapo wengi hutazama bidhaa na wachache kuitia kikapuni, tatizo huenda likawa bei, picha au maelezo. Iwapo wengi hujaza kikapu kisha wakaondoka katika ukurasa wa malipo, ni vyema kuchunguza gharama ya usafirishaji, ambayo mara nyingi hufichuliwa mwishoni. Mteja wa Mombasa anayeambiwa dakika ya mwisho kwamba usafirishaji unagharimu karibu sawa na kilo mbili za mchele hawezi kulaumiwa akitoweka.

PENGO LA M-PESA

Hapa ndipo penye kiini cha suala lote. Kwa kawaida, programu huhesabu mauzo wakati mteja anapofikia ukurasa wa kumshukuru baada ya kulipa. Katika malipo ya M-Pesa, ombi la malipo hujitokeza kwenye simu, mnunuzi akaingiza nambari yake ya siri, kisha akapokea ujumbe wa kuthibitisha. Mara anapouona ujumbe huo, kwake yeye biashara imekwisha. Wengi hawarudi kwenye kivinjari, na ukurasa wa shukrani haufunguki. Fedha zimeingia, mzigo utatumwa, lakini daftari la tovuti halina habari.

Hali ni hiyo hiyo kwa mnunuzi anayenakili nambari ya Till au Paybill na kulipa mwenyewe kupitia menyu ya simu, na pia kwa anayelipa mzigo ukishafika.

Dawa yake ni kuacha kutegemea ukurasa wa shukrani. Malipo yanapokamilika, Daraja hutuma taarifa kwa seva ya duka. Fundi anaweza kuiagiza seva hiyo ipeleke tukio la ununuzi kwenye programu ya hesabu wakati huo huo, iwe mteja amerudi au hajarudi. Mambo mawili yazingatiwe. Kwanza, nambari ya utambulisho ambayo programu huipa kila kivinjari ihifadhiwe pamoja na oda, ili mauzo yaunganishwe na ziara iliyoyaleta. Pili, kila tukio liwe na nambari ya oda, ili mauzo yale yale yasihesabiwe mara mbili iwapo mteja atarudi kwenye tovuti baadaye.

Kwa WhatsApp, kuna mbinu nyepesi isiyohitaji fundi wa kiwango cha juu. Kiungo cha kuanzisha mazungumzo kinaweza kubeba ujumbe ulioandikwa tayari. Mfanyabiashara huweka ndani yake alama fupi, mathalani FB kwa waliotoka Facebook au RD kwa waliosikia tangazo redioni na kufungua ukurasa uliotajwa humo. Mteja anapotuma ujumbe, alama hiyo huja nayo, na muuzaji huiandika katika daftari la oda.

MFANO WA HESABU

Tuseme duka la kahawa mjini Nyeri, katika mwezi mmoja, limezuriwa mara 1,200. Ziara 300 zilifika kwenye bidhaa, 60 zikafikia kutia kikapuni, na 30 zikaanza kulipa. Ripoti inaonyesha mauzo 12 pekee. Taarifa ya M-Pesa ya mwezi huo ina malipo 33. Baada ya kulinganisha oda moja baada ya nyingine, inabainika kuwa 12 ndio waliorudi kwenye ukurasa wa shukrani, tisa walilipa kupitia tovuti bila kurudi, na 12 walikamilisha oda zao kwenye WhatsApp.

Ripoti iliona mauzo 12 kati ya 33, zaidi kidogo tu ya thuluthi moja.

Sasa tuseme mwenye duka alitumia Sh6,000 kutangaza katika Facebook, na kila mfuko humpa faida ya Sh600 kabla ya gharama ya tangazo. Ripoti inadai kwamba Facebook ilileta mauzo matatu, yaani faida ya Sh1,800. Kwa hesabu hiyo amepata hasara ya Sh4,200, na mtu yeyote mwenye busara angelisitisha tangazo. Hata hivyo, alama zilizohifadhiwa pamoja na oda na zile za WhatsApp zinaonyesha kwamba wanunuzi 11 walitoka Facebook. Faida yao ni Sh6,600, hivyo tangazo limejilipa na kubakisha Sh600.

Tangazo ni lile lile na wateja ni wale wale. Kilichotofautiana ni daftari. Kwa mfanyabiashara mwenye mtaji mdogo, tofauti hiyo ndiyo inayoamua iwapo atafunga njia iliyokuwa ikimletea riziki au ataendelea nayo.

MTEJA ANATOKA WAPI?

Ripoti hutaja pia miji ya wazuru, lakini habari hiyo ichukuliwe kwa tahadhari. Programu hukisia mji kutokana na anwani ya intaneti, na kwa watumiaji wa simu anwani hiyo ni ya kampuni ya mawasiliano. Mtu aliye Othaya, Chuka au Nyahururu anaweza kuonekana kuwa yuko Nairobi. Muuzaji anayehitimisha kwamba wateja wake wote ni wa jiji kuu, kisha akaacha kutangaza nyumbani, atakuwa amejikata mguu. Thibitisho bora ni mji ambao mteja mwenyewe ameuandika katika fomu ya oda, au kituo ambako kifurushi kilishushwa na matatu ya chama cha usafiri kama vile 2NK.

Vivyo hivyo, kiungo kinachosambazwa katika makundi ya WhatsApp mara nyingi hunakiliwa kama ziara isiyo na chanzo. Hii ndiyo sababu kila kiungo kinachopelekwa nje kinafaa kuongezewa maneno mafupi mwishoni, yanayotaja kilikopelekwa na kwa kampeni gani. Maneno hayo yaandikwe kwa mtindo mmoja daima. Ukiandika facebook leo na Facebook kesho, programu itadhani ni vyanzo viwili.

Ziara za mwenye duka na wafanyakazi wake nazo ziondolewe katika hesabu. Kwa ofisi yenye anwani ya intaneti isiyobadilika, kazi hiyo ni rahisi. Kwa wanaotumia simu, ambazo anwani zake hubadilika, ni bora kutumia kivinjari maalumu kilichozuiwa kuhesabiwa. Kwa upande mwingine, kuna wanunuzi ambao vivinjari vyao huzuia msimbo wa hesabu kabisa. Kwa hivyo hakuna ripoti inayomnasa kila mtu.

SHERIA INASEMAJE?

Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda haki ya faragha, nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaeleza jinsi habari za watu zinavyopaswa kukusanywa na kutumiwa. Mteja ana haki ya kuarifiwa ni habari gani zinazochukuliwa na kwa madhumuni gani. Duka linalotumia vidakuzi, yaani vijifaili vinavyoachwa katika kivinjari ili kumtambua mzuru anaporudi, linafaa kueleza hivyo kwa lugha nyepesi na kumpa mzuru nafasi ya kukataa.

Biashara yenye mapato ya chini ya Sh5 milioni kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 hailazimiki kujisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, isipokuwa iwe katika shughuli zilizotajwa mahususi kama vile afya na elimu. Hata hivyo, kutojisajili si kusamehewa sheria. Faini inaweza kufika Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato ya mwaka uliotangulia, kutegemea kiasi kilicho kidogo.

Kosa linalofanyika kwa urahisi ni kuruhusu nambari ya simu ya mteja ionekane katika anwani ya ukurasa wa malipo. Nambari hiyo husafiri pamoja na hesabu hadi kwenye seva za nje ya nchi. Mbali na sheria za Kenya, masharti ya Google yenyewe yanakataza kutumiwa majina, nambari za simu au barua pepe za wateja kwa njia hiyo. Kinachotosha ni nambari ya oda. Jina na simu vibaki katika daftari la duka.

KULISOMA DAFTARI

Hesabu ndogo hazina budi kusomwa kwa subira. Mauzo yakipanda kutoka mawili hadi manne kwa wiki moja, huenda ni bahati tu, wala si ushahidi kwamba rangi mpya ya kitufe imefanya kazi. Ni afadhali kulinganisha mwezi kwa mwezi, na ikiwezekana mwezi na mwezi kama huo wa mwaka uliotangulia. Januari, wakati wazazi wanapolipa karo, haiwezi kulinganishwa na Desemba, wakati watu wanaporejea mashambani wakiwa na zawadi.

Kwa duka dogo, saa moja kila mwanzo wa mwezi inatosha. Mwenye duka aweke pamoja vitu vitatu: ripoti ya tovuti, taarifa ya M-Pesa, na orodha ya vifurushi vilivyotumwa. Kwanza ahesabu malipo ambayo tovuti haikuyaona. Pili, atafute hatua ambayo wateja wengi zaidi waliishia. Tatu, achague jambo moja tu la kurekebisha kabla ya mwezi unaofuata, kwani anayebadilisha mambo matano kwa pamoja hatajua ni lipi lililosaidia.

Hesabu hizo tatu zikitofautiana, inayopaswa kuaminiwa kwanza ni ya fedha zilizoingia. Ripoti ya tovuti kazi yake ni kueleza fedha hizo zilifika kwa njia gani, na zile ambazo hazikufika zilikwama wapi.